Dereva Halaumiki

Upo usemi uliozoeleka siku hizi katika kumbi za mikutano za Dar es Salaam, kwamba dereva wa pwani ni mtu mgumu wa kubadilika. Husemwa kuwa ameonyeshwa motokaa ya umeme, ameelezwa kuwa haina moshi wala kelele, amehesabiwa na faida yake, lakini yeye hung'ang'ania petroli kama mtoto ang'ang'aniavyo titi alilokwisha kuachishwa. Usemi huu hutolewa kwa sauti ya upole na huruma, na kwa ajili hiyo watu wengi huupokea pasipo kuupima. Ukipimwa hauna uzito. Dereva wa Bagamoyo anajua kuhesabu, na hesabu yake ni sahihi kuliko ya wale wanaomhurumia.

Mwenye kutaka kuijua hesabu hiyo na asimame alfajiri katika stendi ya Bagamoyo. Mabasi madogo ya Makumbusho yanajaza abiria ili yashike njia ya Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju na Tegeta. Bajaji zinangoja watu wa Kaole na wa Dunda. Vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao, mguu mmoja chini, macho njiani. Katika kundi hilo ni wachache wanaomiliki chombo wanachokiendesha. Wengi huendesha mali ya tajiri, na kila jioni humpelekea fungu lililopatanwa, ambalo katika kazi yao huitwa hesabu. Mvua ikinyesha, hesabu hudaiwa. Abiria wakipungua, hesabu hudaiwa. Wengine wamo katika mkataba: hulipa kila siku kwa mwaka mzima na zaidi, na siku ya mwisho chombo huwa chao. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho unga, ndicho kodi ya chumba, ndicho daftari la mtoto. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba hajui kuhesabu ni kumwambia mvuvi kwamba hajui maji.

Kwanza haki itendeke kwa motokaa ya umeme, maana sifa yake kubwa ni ya kweli. Kutoka Bagamoyo hadi katikati ya Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Kwenda na kurudi ni 140. Gari dogo la petroli lenye kwenda kilomita 14 kwa lita moja litakunywa lita 10. Bei ya lita hupangwa upya kila mwezi, hupanda na kushuka, na katika Agosti 2022 ilipita shilingi 3,400 mjini Dar es Salaam. Lakini hata ikikadiriwa kuwa 3,000, safari hiyo itakula shilingi 30,000. Gari la umeme la kadiri ile ile litaimaliza safari kwa uniti 24 hivi, pamoja na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa bei ya mteja wa kawaida, kodi ikiwamo, uniti moja ni kama shilingi 356. Jumla haifiki shilingi 9,000. Tofauti ya zaidi ya shilingi 20,000 kwa safari moja si jambo dogo kwa mtu awaye yote, na dereva akielezwa hivi huelewa mara moja. Hakuna anayebisha.

Hapo ndipo wahubiri wa umeme hukunja karatasi zao wakaketi, wakidhani wamemaliza. Kumbe dereva ndiyo kwanza anaanza. Huuliza swali moja tu: fedha hizo zitalipwa lini?

Swali hili ndilo kiini cha jambo lote. Katika mitaa ya Bagamoyo, kama katika mitaa yote ya maskini, mafuta ya kula hununuliwa kwa kipimo, mkaa hununuliwa kwa kopo, na sukari kwa robo kilo. Mama anunuaye mafuta kwa kipimo anafahamu vizuri kwamba dumu zima ni nafuu. Anafahamu kuliko muuza duka. Hanunui dumu kwa sababu fedha za dumu hazijapata kukutana mkononi mwake siku moja. Petroli nayo ni bidhaa ya kipimo. Kijana wa bodaboda hutia ya shilingi 5,000, akafanya kazi, akarudi kutia nyingine. Hukosea nafuu kila siku, lakini kila siku huweza. Motokaa ya umeme imegeuza utaratibu huo juu chini. Umeme wake ni rahisi, lakini betri, ambayo ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote ndani yake, hulipwa yote siku ya kwanza. Ni kana kwamba dereva angetakiwa kununua petroli ya miaka kadhaa kabla ya kuwasha gari. Mwenye fedha za dumu huliona jambo hili kuwa faida. Mnunuzi wa kipimo huliona kuwa mlango uliofungwa, naye hakosei, maana umefungwa kweli.

Tena, hata akiufungua kwa mkopo, hatari yote huwa juu yake. Motokaa nyingi za pwani hii ni zile zilizokwisha tumika Japani, zikaletwa kwa meli. Mnunuzi wa gari la petroli ana njia zake za kulichunguza: hulisikiliza, hunusa moshi, hutazama oili, humleta fundi wake mwenye sikio kali. Gari la umeme lililotumika halina la kusikiliza. Injini mbovu hutoa moshi, betri mbovu hunyamaza. Uwezo wa betri hupungua kwa miaka na kwa joto, na pwani ya Mrima haina upungufu wa joto. Gari linaloonekana jipya kwa rangi na viti laweza kuwa na betri iliyobaki nusu ya nguvu zake, na mnunuzi hatajua mpaka siku litakapozimika Mapinga, jua la utosi, abiria ndani. Aliyefungua karakana yake chini ya mwarobaini hawezi kumsaidia. Spana zake na ujuzi wake wa miaka 20 havifiki ndani ya kasha la betri lililofungwa, lenye nguvu za umeme ziwezazo kuua. Kariakoo kuna kila kipuri cha Toyota. Betri hizo si za kuokota dukani namna hiyo. Na siku dereva akitaka kuliuza gari, atamwuzia nani, ikiwa kila mnunuzi ana mashaka yale yale?

Kisha ipo hofu ya njia. Anayeendesha kati ya Bagamoyo na Makumbusho peke yake aweza kukadiria mwendo wake. Lakini dereva wa kukodiwa hana njia moja. Usiku wa manane hugongewa dirisha: mgonjwa apelekwe Muhimbili. Kesho yake kuna maiti ya kusindikizwa Tanga, kwa njia ya Msata na Segera. Keshokutwa kuna harusi. Mtu wa kazi kama hii hawezi kumwambia mwenye msiba asubiri betri ijae. Petroli ikimwishia penye vichaka, kijana wa kijiji cha karibu atamletea chupa. Umeme hauuzwi kwa chupa, na vituo vya umma vya kuchajia ni vichache mno hata ndani ya Dar es Salaam, sembuse katika njia ya Tanga.

Umeme wenyewe, je? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mgao wa mwaka 2006 unakumbukwa, wa 2011 unakumbukwa, na ule ulioanza mwaka 2023 ukaingia 2024 haujasahauliwa hata kidogo. Ni kweli kwamba hali ya uzalishaji imebadilika. Bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mwaka 2025 yote ilikuwa tayari. Anayesema kwamba Tanzania haina umeme wa kutosha magari anasema ya zamani. Lakini umeme ulioko Rufiji si umeme ulioko katika soketi ya nyumba ya Magomeni ya Bagamoyo. Baina yake kuna nguzo, nyaya na transfoma, na mti ukiuangukia waya wakati wa masika mtaa hulala gizani ijapokuwa bwawa limejaa.

Tena kuna kitanzi cha bei ambacho wahubiri hawakitaji. Nyumba nyingi ndogo zimo katika daraja la nafuu, ambamo uniti huuzwa shilingi 100 kabla ya kodi, kwa sharti kwamba matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Safari 3 tu za Dar es Salaam, kwenda na kurudi, hukaribia kuzimaliza uniti hizo kabla taa haijawashwa wala friji haijaganda. Zinazozidi huuzwa shilingi 350, na mteja akiendelea kuzidisha hutolewa katika daraja lile. Hivyo dereva aliyeleta gari la umeme nyumbani hupandishiwa pia bei ya taa, ya friji na ya pasi. Mwenye nyumba wa chumba cha kupanga, ambaye LUKU moja huwalisha wapangaji 6, atamruhusu nani achomeke motokaa?

Lazima ikubaliwe kwamba zipo hoja nyingine zinazosemwa vijiweni ambazo hazina miguu. Husemwa kwamba gari la umeme likinyeshewa litawaua abiria. Halitawaua, betri na nyaya zake zimezibwa kwa ajili ya mvua, na mafuriko makubwa ni adui wa gari la petroli vilevile. Husemwa kwamba halina nguvu za kupanda kilima. Linazo, tena huzitoa mara tu linapoondoka. Husemwa pia kwamba kimya chake ni dalili ya unyonge. Hayo ni maneno ya kupitishia saa, na mtu hujitetea kwa hoja dhaifu pale anapoona haya kuitaja ile yenye nguvu, yaani kwamba hana fedha. Anayeyakusanya maneno hayo ya kijiweni akayaandika kuwa ndiyo sababu ya madereva kusita, ameyachukua makapi akayaacha mchele.

Ushahidi kwamba madereva si wagumu wa kubadilika uko wazi barabarani. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na katika miaka ya karibuni ikawezekana kuitia katika magari. Nini kilitokea? Watu hao hao waitwao wagumu walitoa fedha zao, wakakubali buti za magari yao zijazwe mitungi, na wakapanga foleni saa nyingi penye vituo vichache vilivyokuwapo. Hakuna aliyewahubiria sana. Waliiona nafuu yake kwa siku chache, na zaidi ya hayo, tangi la petroli lilibaki mahali pake. Gesi ikikosekana, gari liliendelea na safari. Usiache mbachao kwa msala upitao, husema wazee. Gesi ilimletea dereva msala mpya pasipo kumtaka autupe mbacha. Motokaa ya umeme humtaka autupe kwanza.

Sasa na watazamwe wahubiri wenyewe. Wengi wao huja mkutanoni kwa yale magari makubwa ya dizeli ambayo watu wameyapa jina la mashangingi. Gari hilo huwa limelala ndani ya ukuta, penye umeme wa uhakika na jenereta ya akiba. Asubuhi hutoka Mbezi au Masaki, huenda ofisini, hukaa kivulini mchana kutwa, jioni hurudi. Mwendo wake wa siku haufiki nusu ya uwezo wa betri ya kawaida. Mwenye gari ana mshahara wa mwezi, ana mkopo wa benki, na nyumbani ana gari la pili la safari za Moshi na Tanga. Kama kuna mtu katika Tanzania ambaye motokaa ya umeme imetengenezwa kwa ajili yake, ni huyo. Mbona hajainunua? Idara na mashirika yenye magari kwa mamia, yanayolala katika yadi moja kila usiku, mbona hayajatangulia? Yule awezaye kubeba hasara anamtazama asiyeweza na kumwuliza kwa nini anasita. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hawa wamezidi: wanacho kitanda kizuri, hawakilalii, na wanamshangaa aliye mkekani.

Wapo wanaotaka Tanzania iige Ethiopia, ambayo mwaka 2024 ilikataza kuingizwa kwa motokaa za petroli na dizeli. Amri yaweza kumzuia mtu kununua kitu. Haiwezi kumpa fedha za kununua kingine. Palipo na amri peke yake, magari makuukuu yaliyopo hupanda bei, na mkataba wa kijana wa bajaji hurefuka.

Dunia ina mifano iliyo bora kuliko huo. Mnamo mwaka 1900 motokaa za umeme zilikuwa nyingi katika Marekani, na katika viwanda vyake zilitengenezwa zaidi kuliko za petroli. Zilishindwa baadaye kwa sababu ya bei na mwendo: Ford alileta gari la bei ya chini mwaka 1908, na petroli ikapatikana kila njia. Hakuna aliyewaita madereva wa Marekani wajinga kwa kuchagua hivyo. Na katika Norwe, ambako mwaka 2024 karibu motokaa 9 katika kila 10 mpya zilikuwa za umeme, watu hawakugeuzwa kwa mahubiri. Serikali yao iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani tangu mwaka 2001, ikaendelea hivyo miaka mingi. Iliibeba hatari kwanza, ndipo raia wakafuata.

Wala hapana haja ya kwenda Ulaya. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand ilianza kazi mwaka 2019 kwa njia iliyo sahihi: mwendesha pikipiki hununua pikipiki, betri hubaki mali ya kampuni. Ikiisha nguvu huenda kituoni, huiacha, hupewa iliyojaa, na hulipia nguvu alizotumia. Nairobi nako BasiGo ilianza mwaka 2022 kuwapa wenye matatu mabasi ya umeme kwa mpango wa kulipia betri na kuchaji kwa kila kilomita. Hao hawakuwafundisha watu wapende umeme. Waliurudisha umeme katika kipimo. Dumu lilifunguliwa, likauzwa kwa kikombe, na wanunuzi wa kikombe wakaja. Mwendesha pikipiki wa Kigali hana akili kuliko wa Bagamoyo. Ana masharti mema kuliko yake.

Basi yanayotakiwa kwa pwani hii yanajulikana. Betri za bodaboda, bajaji na mabasi madogo na ziwe mali ya kampuni au ya vyama vya ushirika, dereva azilipie kwa siku au kwa kilomita, na zikifa zifie mikononi mwa wenye uwezo. Vituo vya kubadilisha na kuchaji na vianzie Bunju na Kerege hadi Bagamoyo, kisha vifike Msata na Segera, ili mwenye safari ya Tanga ajue atakapopumzika. Umeme wa kuchajia na uwe na mita yake na daraja lake, ili LUKU ya nyumbani isiadhibiwe kwa kosa la motokaa. Kila gari la umeme lililotumika likishuka bandarini Dar es Salaam, betri yake na ipimwe, na nguvu iliyobaki iandikwe katika karatasi zake, kama zinavyoandikwa kilomita. Mafundi wa chini ya mwarobaini na wafundishwe na VETA kabla hawajanyang'anywa riziki yao. Na magari ya ofisi yatangulie. Hayo yakitendeka, kisha dereva akasita, hapo itakuwa halali kumlaumu.

Bagamoyo ina somo lake la kale katika jambo hili. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda Ujiji iliondoka hapo, na wapagazi waliobeba mizigo hawakuondoka kwa sifa za nchi iliyo mbele. Waliuliza maji yako wapi, posho ni kiasi gani, na kambi ya kesho iko umbali gani. Msafara uliokosa majibu ulichelewa pwani, na uliowadanganya uliachiwa mizigo njiani. Wako wasafiri waliowaandika wapagazi hao kuwa ni wavivu na wakaidi, na hao hao wasingalifika hata nusu ya njia bila ya mabega yao.

Dereva wa leo amesimama katika mji ule ule na anauliza maswali yale yale. Anangoja ajibiwe, na wakati anapongoja, hesabu ya jioni inadaiwa.